Kichujio Kidogo kwenye Lenzi Ndefu

Kila siku akitoka shule, Busaba alifanya mambo yaleyale. Alivua viatu mlangoni, akabadili sare, akala wali uliobaki na kipande cha samaki mkavu, kisha akatoka kwenda kumsaidia Bibi Lamai kukusanya chumvi kwa reki ya mbao. Kazi ikiisha, alichukua kamera ya kaka yake akaenda kukaa peke yake juu ya tuta, katikati ya mabwawa ya chumvi, mpaka jua lilipokaribia kuzama.

Sisi watu wa chumvi wa pwani ya Phetchaburi tunapenda soga kuliko chakula, lakini nyumba ile ilikuwa imenyamaza tangu mwezi wa nne. Mwezi huo vijana wa rika la Somkit, kaka yake Busaba, waliitwa wilayani kuokota kadi za jeshi. Ukitoa kadi nyeusi sandukuni, unarudi nyumbani. Ukitoa nyekundu, unakwenda kutumikia. Somkit alitia mkono huku anacheka, akautoa na nyekundu. Mama mmoja aliyesimama karibu alizirai papo hapo, na wala hakuwa mama yake. Watu tulimcheka mama yule njia nzima, lakini Busaba hakucheka.

Bibi Lamai ndiye aliyewalea wote wawili tangu utotoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na masikio yake yalikuwa yamechoka. Jioni walikula kimyakimya, bibi akisinzia juu ya bakuli lake. Busaba aliosha vyombo, akafanya hesabu za shule, akalala. Asubuhi ikaanza siku nyingine ya namna hiyohiyo. Alikuwa mpweke, tena upweke wa kweli, ule wa kukosa hata mtu wa kugombana naye.

Alichobaki nacho ni ndege. Kila msimu wa baridi ndege wengi wa matopeni huja kwetu kutoka kaskazini ya mbali penye barafu, na miongoni mwao yumo mmoja adimu sana, mdogo kama shomoro, mwenye mdomo mpana mbele kama kijiko. Miaka miwili mfululizo Somkit na Busaba walimwona ndege wa aina hiyo kwenye bwawa lao. Watafiti walikuwa wamemfunga kibendera cha kijani mguuni, chenye herufi A na namba tisa. Somkit alimwita Kijiko. Siku aliyoondoka alimkabidhi dada yake kamera na lenzi yake ndefu, akamwambia kazi yake ni moja tu: amwangalie Kijiko kama atarudi.

Mwezi wa kumi na moja, ndege wa mdomo wa kijiko akaja. Busaba alimwona akipekua maji mafupi kwa mdomo wake, huku na huku, na kibendera cha kijani kilikuwepo mguuni. Alipiga picha mpaka kidole kikamuuma. Lakini alipozitazama, kila picha ilikuwa na mng'ao mtupu. Maji yalimeta, tope lilimeta, hata kibendera chenyewe kilimeta, na herufi hazikusomeka.

Jumapili Somkit alipiga simu kutoka kambini. Kwa kuwa Bibi hakusikia vizuri kwenye simu, Busaba ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili. Kaka yake aliuliza kwanza kama Bibi ni mzima, akaambiwa ni mzima. Kisha akauliza kuhusu Kijiko. Sauti yake ilikuwa ya uchovu, na Busaba alimhurumia.

"Karudi," akasema. "Nimesoma kibendera. Ni yeye."

Somkit alifurahi hata akawaita wenzake kuwaambia. Busaba alikata simu, akabaki ameishika mkononi. Alijiambia kwamba hakudanganya sana. Ndege wa kijiko alikuwepo, kibendera kilikuwepo, kilichokosekana ni herufi tu. Angezisoma wiki hiyo, na jambo lingekuwa kweli.

Jumatatu alikwenda kwenye chama cha picha cha shule. Hakuwa na mazoea ya kwenda, kwa sababu wenzake walikuwa wamekwisha kugawana urafiki na hapakuwa na nafasi iliyobaki. Alimweleza Mwalimu Kasem shida ya mng'ao. Mwalimu akafungua mkoba wake, akatoa kioo cha mviringo chenye rangi ya moshi. Alisema ni kichujio cha kukata mng'ao. Unakifunga mbele ya lenzi, unakizungusha polepole, na mwanga unaometa juu ya maji unapotea.

Tatizo lilionekana mara moja. Kichujio kilikuwa cha milimita sitini na saba, na mdomo wa lenzi ya Somkit ulikuwa wa sabini na saba. Mwalimu akachokora tena mkobani, akatoa pete nyembamba ya chuma. Upande mmoja ilikuwa na hesi pana, ile mifereji ya kuzungushia kama ya skrubu, za kuingia kwenye lenzi, upande wa pili hesi ndogo za kupokea kichujio.

Orathai, binti yake Mwalimu, aliangua kicheko. Yeye na wenzake walikwisha kuijaribu pete ya namna hiyo kwenye lenzi fupi ya chama, na picha zote zikatoka na pembe nyeusi.

"Utatuletea ndege aliyeko ndani ya chungu," akamwambia Busaba, na wengine wakacheka pia.

Mwalimu hakumkemea. Alimwambia Orathai akunje kiganja kama bomba, aweke jichoni, aangalie darasa zima. Orathai akasema anaona kiganja chake pande zote. Mwalimu akamwambia sasa aangalie saa ya ukutani peke yake, asiangalie kitu kingine. Lenzi fupi, akaeleza, inaangalia huku na huku, ndiyo maana inaiona pete. Lenzi ndefu inaangalia mahali padogo palipo mbali, mbele yake tu. Pete ipo, lakini haiingii kwenye picha. Kitakachopungua ni mwanga kidogo, kwa kuwa mlango umekuwa mwembamba, basi apige picha jua likiwa bado lina nguvu.

Orathai alikunja mdomo, hakuamini. Mwalimu alimpa Busaba vile vitu viwili akamwonya asivishike kwa mikono ya bwawani, na avirudishe Jumatano. Ijumaa chama chote kingekwenda kupiga picha samaki wa kidimbwi cha hekalu, na bila kichujio kile samaki wasingeonekana.

Jioni ile Busaba aliikimbia kazi ya chumvi badala ya kuifanya. Alikokota reki ovyo, na Bibi alipogeuka, mjukuu alikwisha kufika kwenye tuta. Mikono yake ilikuwa imelowa maji ya chumvi. Aliifuta kwenye sketi, ambayo nayo ilikuwa imelowa, akaifunga pete kwenye lenzi, na kichujio kwenye pete. Alipokizungusha, aliona jambo ambalo hakulitarajia. Mng'ao uliondoka, na chini ya maji akaona matope, akaona hata nyayo za ndege. Ndege mwenyewe alikuwa amelala akisimama kwa mguu mmoja, kibendera kimefichwa tumboni. Busaba alimsubiri mpaka giza likaingia, akaenda nyumbani na kuiacha lenzi ilivyo.

Kesho yake pete haikutoka. Kichujio kilizunguka, lakini pete ilikuwa imeng'ang'ania mdomo wa lenzi, na pembeni mwake palikuwa na ukoko mweupe. Busaba alivuta, akapinda, akatoka kijasho. Kisha akafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Kwetu, kinu cha upepo kikigoma, unatia mafuta. Bawaba ikilia, mafuta. Mnyororo wa baiskeli ukikaza, mafuta. Tumezaliwa na kopo la mafuta mkononi. Alichukua kopo la bibi akadondosha kwenye hesi, tone, na jingine, na jingine. Pete haikusogea hata kidogo. Mafuta yakajipenyeza mbele yakatambaa juu ya kioo, na kwenye kioo kukawa na doa lenye rangi nyingi.

Busaba aliifunga ile lenzi kwenye kanga kuukuu akaisukuma chini ya kabati la nguo.

Jumatano Mwalimu Kasem alimuuliza. Busaba akamwangalia usoni akasema amesahau nyumbani. Alhamisi akasema Bibi alifunga kabati akaondoka na ufunguo. Ijumaa hakusema neno, maana hakwenda shule. Alisema tumbo linamuuma, na Bibi akampikia uji wa mchele, jambo lililomuumiza zaidi kuliko tumbo. Chama kilikwenda hekaluni bila kichujio. Walirudi na picha za mawingu juu ya maji, na si mkia wa samaki hata mmoja.

Ile Ijumaa ilikuwa mbaya kuliko siku zote tangu Somkit aondoke. Nasema hivi kwa sababu mimi ni jirani yao, na nilimwona mtoto yule akiwa amekaa kwenye kizingiti tangu asubuhi. Bwawa lilikuwa palepale mbele yake, na ndege walikuwa wakilia. Lakini hakuthubutu kwenda. Angekwenda na nini? Zamani alikuwa mpweke, ila alikuwa na mahali pa kwenda kukaa na upweke wake. Sasa uongo ulikuwa umempokonya hata tuta.

Jumamosi asubuhi alipiga moyo konde. Alilitoa lile furushi chini ya kabati, akapanda baiskeli, akaenda nyumbani kwa Mwalimu.

Aliwakuta wakinywa chai barazani, Mwalimu, mkewe na Orathai. Busaba akakutanisha viganja kifuani, akainama, akaweka furushi mezani na kulifungua. Alisema yote. Alisema mikono ilikuwa na chumvi, alisema mafuta, alisema hapakuwa na kabati lililofungwa wala tumbo lililouma. Orathai, ambaye aliusubiri wasaa wa kumcheka, akajikuta anaangalia kikombe chake.

Mwalimu alikasirika, na hakuficha.

"Kioo ni kioo," akasema. "Lakini Jumatano nilikuuliza, ukaniangalia machoni. Nikakuamini. Wenzako kumi wamesimama juani hekaluni kwa sababu nilikuamini."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nitakusamehe. Kwanza niambie, wewe mtoto wa chumvi, chumvi inaogopa nini? Inaogopa mafuta?"

Busaba akafikiri. "Inaogopa maji," akasema. "Maji yasiyo na chumvi, ya kunywa."

"Ungekuja Jumanne ungenijibu hivyo hivyo, na yangekwisha."

Kwa kweli hata mimi nilipohadithiwa nilijipiga kofi la paji. Msimu mzima tunalia mvua zisije zikayeyusha chumvi yetu, halafu chumvi ikikaza kitu tunakimbilia mafuta. Mke wa Mwalimu alileta maji ya uvuguvugu. Mwalimu akalowesha kitambaa, akakikamua sana, akakizungushia kwenye ukingo wa pete, lenzi ikiwa imeinamishwa ili maji yasiingie ndani. Wakasubiri. Akakibadilisha kitambaa, wakasubiri tena. Ukoko mweupe ukaanza kupotea.

Bado pete iliteleza vidoleni kwa sababu ya yale mafuta. Mwalimu akaangalia huku na huku, akavua ndala yake ya mpira mguuni, akataka kuikandamiza juu ya pete ili mpira uishike. Mkewe aliruka kutoka kitini.

"Kasem, kiatu? Kwenye kitu mtoto anachokiweka usoni? Mama yako alikulea wapi?"

Alitoka ndani na ndala mpya ambazo hazijatoka kwenye karatasi, alizokuwa amemnunulia mama mkwe. Mwalimu akakandamiza kisigino cha ndala kwenye pete, mkono wa pili umeshika lenzi, akazungusha polepole. Pete ikatoka. Orathai ndiye aliyeanza kucheka, na safari hii Busaba alicheka pamoja naye. Kisha Mwalimu akawakabidhi dawa ya kioo na kitambaa laini, wakasafisha wote wawili, mmoja akishika na mwingine akifuta, mpaka doa likaisha.

Alasiri Mwalimu na wasichana wawili walikwenda bwawani, na njiani Busaba akamwambia Mwalimu peke yake habari za A tisa na alichomdanganya kaka yake kwenye simu. Mwalimu alimwagiza Busaba anawe kwa maji ya chupa na akaushe mikono kwa taulo, ndipo akamruhusu kufunga pete. Jua lilikuwa juu bado. Ndege alikuwa palepale, macho kwenye maji, hana habari na mtu. Busaba akazungusha kichujio, mng'ao ukapotea, akapiga.

Orathai alimpokonya kamera na kuchunguza picha pembe kwa pembe. Hazikuwa nyeusi. Picha ilikuwa imepoteza mwanga kidogo tu, kama Mwalimu alivyosema.

"Haya, nimeshindwa," akasema. "Hakuna chungu."

Busaba hakumsikia. Alikuwa ameikuza picha, anaangalia mguu wa ndege. Herufi zilisomeka vizuri kabisa. Ilikuwa H, na namba mbili. Aliangalia picha ya pili, na ya tatu. H na mbili. Akaketi juu ya tuta, akalia bila sauti. Orathai aliuliza kuna nini, na Mwalimu akaeleza, kwa kuwa Busaba alishindwa. Ndege huyu ni mwingine. Wa A tisa hakuja, na kaka yake Busaba alikwisha kuambiwa kwamba amekuja.

Orathai alikaa karibu naye. Kwa nia njema kabisa akamshauri asiseme kitu. Kaka yake yuko mbali, hawezi kuona, na amekwisha kufurahi. Kwani kuna ubaya gani akiendelea kufurahi? Busaba akamtazama Mwalimu. Mwalimu alisema yeye hatajibu swali hilo, kwa kuwa kaka si wake.

Jumapili simu ililia. Somkit aliuliza kama Bibi ni mzima, akaambiwa ni mzima. Kabla hajauliza la pili, Busaba alisema harakaharaka, asije akaghairi.

"Kaka, nilikudanganya. Sikuwa nimesoma kibendera. Jana nimekisoma. Si Kijiko. Ni H mbili. Kijiko hajarudi."

Busaba alisikia askari wengine wakipiga kelele kwa mbali, na mtu akicheka. Alisubiri kufokewa. Kaka yake alipozungumza, hakuuliza habari za ndege.

"Na Bibi?" akasema. "Umesema ni mzima. Ni mzima kweli?"

Busaba alijisikia kama amepigwa. Hakuwa amewaza kwamba uongo wa ndege ungeweza kufika kwa Bibi. Alijibu kwamba ni mzima kweli, anakula, anafanya kazi, hata jana alimfukuza mbwa wa jirani kwa reki. Lakini alisikia kwamba maneno yake hayakumtosha Somkit, na aliyeyafanya yasitoshe ni yeye mwenyewe. Akamwita Bibi Lamai, akamwekea simu sikioni. Bibi alipiga kelele hata mimi nikasikia kwangu. Alisema hajafa, na kama Somkit anataka kumzika aje na likizo. Ndipo Somkit akacheka.

Simu iliporudi kwa Busaba, kaka yake alikuwa ametulia.

"Sikiliza, mdogo wangu," akasema. "Wewe ulidhani unanifurahisha, na nilifurahi kweli. Lakini mimi huku kila usiku nalala kwa neno lako moja, kwamba Bibi ni mzima. Sina neno jingine. Ukilichanganya na uongo, hata uongo mdogo, wa huruma, nitalalia nini? Niambie yaliyopo tu. Ndege hajaja, sema hajaja. Umeharibu kitu, sema umeharibu. Upweke nitauvumilia. Kutokukuamini wewe sitaweza."

"Nimesikia, Kaka."

"Basi. Sasa niambie huyo H mbili yukoje."

Busaba akajifuta uso kwa kiganja. Akaanza kumweleza, polepole, alichokiona na si zaidi: kwamba ni mdogo, anachechemea kidogo mguu wa kushoto, na amekuja peke yake.